Je, S355 kwa Kila Kazi? Kuchagua Gredi ya Chuma chenye Kaboni Kidogo

Swali: "Karakana yetu inaunda majukwaa ya ghorofa ya kati ndani ya maghala, fremu za mashine, pamoja na pini na vipuri vingine vya kukereza. Msambazaji wetu ana S235JR, S275JR, S355J2, A36, Q235 na SS400, na vyuma vya duara vya 1018 na 1045. Anasema vyote ni chuma laini, vyote vinachomelewa bila shida, na kwamba nikitaka kuwa salama nichukue S355 kwa kila kitu kwa kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Je, ni kweli?"

Jibu: Ushauri uliopewa una ukweli ndani yake, lakini sehemu moja, ile inayoiweka 1045 katika kundi la chuma laini, ni ya hatari, na nitaanza nayo kwa sababu ndiyo inayoweza kumuumiza mtu.

Chuma huhesabiwa kuwa na kaboni kidogo pale kaboni yake isipozidi takriban asilimia 0.25, ingawa wapo wanaousogeza mpaka huo hadi 0.30. Katika mfumo wa namba wa Kimarekani wa SAE na AISI, tarakimu mbili za mwanzo, yaani 10, humaanisha chuma cha kaboni cha kawaida, na mbili za mwisho hutaja kaboni kwa sehemu za mia za asilimia. Kwa hiyo 1018 ina kaboni kati ya asilimia 0.15 na 0.20, wakati 1045 ina kati ya 0.43 na 0.50. Hiki cha pili ni chuma chenye kaboni ya wastani, na kukiita laini ni kosa, hata kama vipande viwili vya duara vilivyolazwa kwenye rafu moja havitofautiani kwa macho wala kwa uzito.

Tofauti yake hujitokeza kwenye moto. Kaboni ndiyo inayokifanya chuma kuwa kigumu kinapopoa haraka, na kando ya mshono wa kuchomelea chuma hupoa haraka mno: ukanda mwembamba uliopata joto la zaidi ya nyuzi 1,000 hunyang'anywa joto hilo kwa sekunde chache na chuma baridi kilichouzunguka. Katika 1018 ukanda huo hubaki na mnyumbuko wake. Katika 1045 hugeuka kuwa martensaiti, muundo mgumu unaovunjika kama kigae, na haidrojeni kidogo tu inayotokana na unyevu wa elektrodi hutosha kuupasua. Nimewahi kuitwa kutazama masikio ya kunyanyulia yaliyochomelewa kwenye pini zilizodhaniwa kuwa za 1018. Mafundi walikuwa wamekagua mishono jioni na kuiona safi; asubuhi palikuwa na mstari mwembamba kama unywele ukiufuata ukingo wa kila mshono, na sikio moja lilipogongwa kwa nyundo liling'oka likiacha uso wa kijivu wenye chembechembe zinazometa. Mpasuko wa namna hiyo huitwa mpasuko wa baridi, kwa kuwa huja baada ya chuma kupoa, na unaweza kuchelewa hata siku mbili. Ndiyo maana ukaguzi wa mshono muhimu haufanywi saa ileile fundi anapoweka chini mkono wa elektrodi.

Iwapo rafu zenu zimechanganyika, kipo kipimo cha haraka ambacho kila karakana ina vifaa vyake: gusisha kipande kwenye jiwe la kusagia, mahali penye kivuli, na utazame cheche. Chuma chenye kaboni kidogo hutoa mistari mirefu ya rangi ya majani makavu yenye vinyota vichache vya hapa na pale, ilhali 1045 hutoa cheche zinazochanua kwa wingi na kuota matawi. Shika kipande unachokijua kwa mkono mmoja na usichokijua kwa mwingine, uvilinganishe. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya cheti, yaani karatasi ya kiwanda inayoonyesha kemia na nguvu ya chuma, lakini kingeziokoa pini zile.

Sasa nije kwenye gredi za ujenzi ulizozitaja. Jina la gredi ni ahadi ya kiwanda kwa mnunuzi, na majina haya hayaahidi mambo yaleyale. Katika kiwango cha Ulaya EN 10025-2, namba inayofuata herufi S ni mkazo wa kulegea kwa megapaskali, yaani mkazo ambao chuma kikiuzidi hunyooka na hakirudi tena katika hali yake. S235 huahidi megapaskali 235, S275 huahidi 275, na S355 huahidi 355. Hata hivyo ahadi hiyo ni ya unene usiozidi milimita 16. Kuanzia hapo hadi milimita 40 inashuka kuwa 225, 265 na 345, na inaendelea kushuka kadiri bamba linavyozidi kuwa nene. Wachoraji wengi husahau jambo hili wanapokokotoa mabamba ya kitako cha nguzo, ambayo mara nyingi ndiyo manene kuliko vyuma vyote vya jengo.

A36, ya kiwango cha Marekani cha ASTM tangu mwaka 1960, huahidi megapaskali 250 na huruhusu kaboni ya hadi asilimia 0.25 au zaidi kidogo, kutegemea umbo na unene, wakati S235JR hufungwa kwenye 0.17 kwa unene wa hadi milimita 40. Q235 ya Uchina huahidi 235 kama S235, ila jina lake halijakamilika bila herufi ya mwisho: Q235A haidaiwi kipimo cha kishindo (cha kugonga chuma kwenye joto fulani, nitakieleza mbele), Q235B hupimwa kwenye nyuzi 20, Q235C kwenye sifuri, na Q235D kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Msambazaji akikuandikia "Q235" peke yake, mrudishie karatasi na umwombe aijaze herufi.

SS400 ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, na inanisikitisha kuona inavyouzwa kana kwamba ni S235 kwa jina la Kijapani. Ile 400 si mkazo wa kulegea. Ni mkazo wa kukatika, na mkazo wake wa kulegea ni megapaskali 245 kwa unene usiozidi milimita 16. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kiwango chake, JIS G 3101, huweka kikomo cha fosforasi na salfa tu, asilimia 0.050 kwa kila moja. Hakisemi lolote kuhusu kaboni. Kiwanda kinaweza kuzalisha SS400 yenye kaboni 0.12 leo na yenye 0.22 mwezi ujao bila kuvunja ahadi yoyote. Mara nyingi chuma hicho huchomeleka vizuri, lakini hapo unategemea mazoea ya kiwanda, kwani kiwango chenyewe hakikulindi. Wajapani wenyewe walitenga gredi nyingine kwa miundo ya kuchomelewa, SM400 ya JIS G 3106, ambayo kaboni yake ina kikomo. Kwa kazi ya bolti na riveti, SS400 haina tatizo. Kwa jukwaa litakalochomelewa na kubeba watu, ama chukua SM400 au S235JR, ama uisome kaboni kwenye cheti cha kila shehena.

Baada ya hapo tuutazame ushauri wa kuchukua S355 kwa kila kitu. Ungekuwa sahihi kama vyuma vyote vingeharibika kwa kukatika au kulegea. Jukwaa la ghorofa ya kati kwa kawaida huharibika kwa namna nyingine: hunepa, na kunepa hakujali gredi. Ukakamavu wa chuma, yaani kiasi kinachojivuta kwa mkazo fulani kabla ya kulegea, ni takriban gigapaskali 210 kwa S235, kwa S355, na hata kwa 1045. Kaboni na manganizi zinazopandisha mkazo wa kulegea haziubadilishi.

Chukua boriti ya IPE 240, yaani yenye umbo la I na kina cha milimita 240, yenye urefu wa mita 6, iliyoegemea ncha zote mbili na kuzuiwa isipinduke ubavu, ikibeba kilonyutoni 8 kwa kila mita. Mkazo wake wa juu kabisa ni kama megapaskali 111, chini ya nusu ya uwezo wa S235. Katikati inanepa milimita 16.5, na kikomo kinachotumika sana, cha urefu kugawanywa kwa 360, ni milimita 16.7. Boriti hii basi imefika mwisho wa ruhusa yake kwa kunepa huku nguvu yake ikiwa haijatumika hata nusu. Ukiibadilisha iwe ya S355, itanepa milimita 16.5 zilezile. Na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: mtu anayetazama nguvu peke yake atasema, kwa kuwa tuna S355, tushuke hadi IPE 200 tupunguze uzito kutoka kilo 30.7 kwa mita hadi 22.4. Mkazo unapanda kufikia 186, ambao hata ukizidishwa kwa 1.5 kama akiba ya usalama unabaki 279, chini kabisa ya 355. Hesabu ya nguvu imepita. Lakini boriti sasa inanepa milimita 33, na kila mtu atakayepita juu ya jukwaa hilo atalisikia likidunda chini ya miguu yake. Kwa boriti ndefu za sakafu, pesa ya S355 ingefanya kazi bora zaidi ikinunua kina cha boriti.

Uchovu wa chuma nao una tabia hiyohiyo. Fremu ya mashine inayotetemeka kutwa haivunjiki kwa mzigo mmoja mkubwa. Hupasuka polepole kutoka kwenye ncha ya mshono, ambako tayari pana vikwaruzo na mkazo uliobaki baada ya kuchomelea. Kwa sababu hiyo kiwango cha Ulaya cha uchovu, EN 1993-1-9, hupanga viungo vilivyochomelewa kwa umbo la kiungo, na S235 hupata daraja lilelile linalopata S355. Ukitumia chuma chenye nguvu zaidi, ukapunguza unene, mkazo unaopanda na kushuka katika kila mzunguko huongezeka, na fremu huishi muda mfupi zaidi. Kwa fremu za mashine napendekeza S235JR au S275JR, unene wa kutosha, na muda wa fundi utumike kulainisha ncha za mishono na kuiondoa kwenye pembe zenye mkazo mkubwa.

S355 inastahili nafasi yake pale nguvu inapotawala kweli: vyuma vya kuvutwa katika mihimili ya pembetatu, nguzo fupi na nene, mabamba ya viungo, na miundo mirefu ambayo uzito wake wenyewe ndio sehemu kubwa ya mzigo. Katika nguzo ndefu na nyembamba faida yake huyeyuka, kwa kuwa nguzo ya namna hiyo hupinda ubavu kabla chuma hakijakaribia kulegea, na kupinda huko nako hutegemea ukakamavu.

Herufi za mwisho, JR, J0 na J2, zinahusu kishindo na baridi. Kipande chenye mkato mdogo hugongwa na pendulumu, na nishati kinayoinywa kabla ya kuvunjika hupimwa: JR huahidi jouli 27 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, J0 kiasi hichohicho kwenye sifuri, na J2 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Chuma chenye kaboni kidogo, ambacho mchana wa joto hupinda na kujivuta kabla ya kukatika, kinaweza kwenye baridi kupasuka ghafla bila onyo. Dunia ilijifunza hilo kwa gharama kubwa katika meli za kuchomelewa za Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta SS Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, kwenye maji matulivu, huko Portland katika jimbo la Oregon. Ni Constance Tipper wa Cambridge aliyeonyesha baadaye kwamba ilikuwa tabia ya chuma chenyewe kubadilika kutoka hali ya mnyumbuko kwenda hali ya kigae joto linaposhuka, na kwamba lawama haikuwa ya uchomeleaji peke yake, ingawa sitaha na mbavu zilizounganishwa kwa mshono mmoja mrefu ziliuacha mpasuko ukimbie bila kizuizi. Ndani ya ghala lenye joto, kwa mabamba membamba, JR inatosha. Kwa muundo wa nje unaopata baridi kali, kwa bamba nene, au kwa vifaa vya kunyanyulia, J2 ndiyo ya kununua, na tofauti hiyo ina thamani zaidi kuliko ile ya kutoka 275 kwenda 355.

Kuhusu kuchomelea, kaboni peke yake haisemi yote, kwa sababu elementi nyingine pia hukifanya chuma kuwa kigumu. Wahandisi huzikusanya katika thamani moja ya kaboni linganifu: kaboni, ongeza manganizi iliyogawanywa kwa 6, ongeza jumla ya kromiamu, molibdenamu na vanadiamu iliyogawanywa kwa 5, ongeza jumla ya nikeli na shaba iliyogawanywa kwa 15. Tuseme cheti cha S235JR kinaonyesha kaboni 0.14 na manganizi 0.72, unapata 0.14 na 0.12, jumla 0.26, kabla ya nyongeza ndogo za elementi nyingine. Cheti cha S355J2 chenye kaboni 0.20 na manganizi 1.38 kinakupa 0.43. Vyote viwili viko ndani ya vikomo vyake, 0.35 kwa S235 na 0.45 kwa S355 katika unene wa hadi milimita 30, lakini si sawa mbele ya mchomeleaji. Cha kwanza unaweza kukichomelea kikiwa baridi karibu katika unene wowote mtakaokutana nao kwenye majukwaa. Cha pili, bamba likiwa nene na kiungo kikiwa kimebanwa, huhitaji kupashwa joto kwanza, mara nyingi hadi karibu nyuzi 100, na huhitaji elektrodi za haidrojeni ndogo kama E7018 zilizotunzwa kwenye oveni. Pakiti ya E7018 iliyoachwa wazi kwenye hewa yenye unyevu haistahili tena jina la haidrojeni ndogo. Hii nayo ni gharama ya S355 ambayo haionekani kwenye bei ya kilo.

Mnapojenga mahali penye matetemeko, ongezeni swali lingine: je, ahadi ina dari? A36 ina sakafu ya 250 bila dari ya mkazo wa kulegea, na chuma halisi kinachotoka kiwandani huizidi kwa mbali. Mhandisi wa matetemeko hutaka boriti ilegee kabla ya nguzo na kabla ya mshono. Boriti yenye nguvu kupita ilivyokusudiwa huupeleka uharibifu mahali pasipotakiwa. Ndiyo sababu boriti za A992 za Marekani hufungwa kati ya megapaskali 345 na 450, na uwiano wa kulegea kwa kukatika hauruhusiwi kuzidi 0.85. Kwa hiyo chuma kilicho na nguvu zaidi ya ilivyoandikwa si zawadi wakati wote.

Katika mabamba membamba ya kukunja na kubonyeza, kama vifuniko vya mashine, mantiki hiyo hufika mwisho wake. DC04, gredi ya Ulaya ya mabamba ya namna hiyo, yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.08, huahidi mkazo wa kulegea usiozidi megapaskali 210, kwani anayebonyeza bamba anataka likubali umbo. S235 kwenye kifuniko chenye kona za kina itakupasukia kwenye kona.

Kuhusu kutu, gredi hizi zote ni ndugu, na hakuna itakayokuokoa kuliko nyingine; rangi au zinki ndiyo hufanya kazi hiyo. Ila mkituma vyuma kuchovywa kwenye zinki ya moto, ombeni silikoni kwenye cheti. Silikoni ikiwa takriban kati ya asilimia 0.04 na 0.14, zinki humenyuka kwa kasi, tabaka huwa nene, la kijivu, na hubanduka kwa urahisi likigongwa.

Kwa orodha yako, basi, ningenunua hivi. Boriti za sakafu za majukwaa: S235JR au S275JR, zenye kina kilichokokotolewa kwa kunepa kwanza na nguvu baadaye, A36 na Q235B zinafaa pia, mradi hesabu irudiwe kwa namba zake na cheti kisomwe. Vyuma vya kuvutwa, mabamba ya viungo na masikio ya kunyanyulia: S355J2. Fremu za mashine: S235JR au S275JR nene. SS400: viungo vya bolti tu, isipokuwa kaboni imesomwa na kukubaliwa. Kwa kila shehena dai cheti cha aina ya 3.1 cha EN 10204, yaani cheti cha kiwanda chenye matokeo ya vipimo vya chuma hichohicho, na namba ya myeyusho (ya mkupuo wa chuma kilichoyeyushwa pamoja) iliyoandikwa humo ilinganishwe na ile iliyopigwa au kupakwa rangi kwenye chuma chenyewe kabla hakijashushwa, kwa kuwa cheti kizuri cha chuma kingine hakina msaada.

Zinabaki pini. 1018 iliyovutwa baridi hukerezwa vizuri na ina vipimo sahihi, lakini ndani yake mna mkazo uliofungwa wakati wa kuvutwa. Ukiichonga upande mmoja tu itapinda, hivyo ondoa chuma pande zote kwa usawa, au itulizwe kwa joto kwanza. Uso wake ukihitaji kustahimili msuguano, iingizwe kaboni kwenye tanuri kati ya nyuzi 900 na 950 kisha ipozwe haraka, ili ipate ganda gumu juu ya kiini chenye mnyumbuko. Na 1045 ibaki kwa shafti na pini zisizoguswa na moto wa kuchomelea, ncha yake ipakwe rangi yake peke yake siku ileile inapoingia, na iwekwe kwenye rafu isiyokaliwa na chuma kingine.